Wanne Katika Mji wa Ugeni

Jumapili ya 33 ya Mwaka B
Masomo: Dan 12:1-3, Ebr 10:11-14.18, Mk 13:24-32



Katika somo la kwanza la Jumapili ya leo tumemsikia nabii Danieli akinena juu ya wakati wa taabu ambayo mfano wake haujapata kuonekana. Lakini katikati ya maneno hayo mazito ametupatia ahadi ya kutufariji: wenye hekima watang'aa kama anga, na wale waliowaelekeza wengi katika haki watakuwa kama nyota, milele.

Ahadi hii inatufikia katika majira yake. Tuko katikati ya Novemba, na vyuo vikuu vya nchi yetu vimekwisha kuwapokea wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Katika majuma yaliyopita, familia nyingi zimemsindikiza kijana wao mpaka stendi alfajiri, na jioni au usiku kijana huyo ameshuka katika kituo cha mabasi cha Mbezi, Dar es Salaam, begi begani na bahasha ya vyeti kifuani. Ametoka katika kijiji ambamo kila mtu anajua yeye ni mtoto wa nani. Sasa ameingia katika jiji ambalo, kwa hesabu ya sensa ya mwaka 2022, lina watu zaidi ya milioni 5 na laki 3, na hakuna hata mmoja kati yao anayemwuliza amelala wapi wala amekula nini. Ningependa leo tumtafakari kijana huyo, na tumwombe Danieli awe mwalimu wetu.

Watu wengi humkumbuka Danieli kwa sababu ya simba. Lakini miaka mingi kabla ya kutupwa katika tundu la simba, Danieli alikuwa mwanafunzi. Sura ya kwanza ya kitabu chake yatueleza kwamba mfalme Nebukadneza, baada ya kuuzingira Yerusalemu, aliagiza waletwe Babiloni vijana wa Israeli waliokuwa wepesi wa kuelewa, ili wafundishwe maandishi na lugha ya Wakaldayo. Muda wa masomo uliwekwa kuwa miaka mitatu, muda uleule wa shahada nyingi za kwanza katika vyuo vyetu. Posho yao ilitoka mezani pa mfalme mwenyewe, chakula na divai kila siku. Miongoni mwa vijana hao walikuwamo wanne wa kabila la Yuda: Danieli, Hanania, Mishaeli na Azaria. Sisemi kwamba Dar es Salaam ni Babiloni, wala kwamba walimu wa vyuo ni Wakaldayo, la hasha. Nasema tu kwamba kijana wa Mungu katika mji mkubwa, mbali na kwao, si habari mpya. Maandiko yanamfahamu.

Kwanza kabisa, tutazame jambo ambalo wale vijana wanne hawakulikataa. Hawakuikataa elimu. Hawakusema kwamba maandishi ya wapagani ni dhambi. Waliketi, wakajifunza lugha ngumu ya wageni, na miaka mitatu ilipotimia mfalme aliwahoji akawaona wamewapita wataalamu wake wote mara kumi. Na Kitabu Kitakatifu kinatamka wazi kwamba ni Mungu mwenyewe aliyewapa maarifa na ujuzi huo.

Nalisema hili kwa sababu wako Wakristo, hata baadhi ya makatekista, wanaodhani kwamba chuo kikuu ni mahali pa kupotezea imani. Sivyo Kanisa linavyofundisha. Baba Mtakatifu Yohane Paulo II, katika barua yake ya mwaka 1998 juu ya imani na akili, alivifananisha vitu hivyo viwili na mabawa mawili. Ndege wa bawa moja haruki. Wahenga wetu wa pwani nao walikiita kitabu "chuo", na mtu mwenye elimu wakamwita "mwanachuoni", neno la heshima. Kwa hiyo, kijana anayehudhuria mikesha yote ya sala na mazoezi yote ya kwaya, lakini hajafungua daftari mpaka siku ya mtihani, asidhani kwamba amemtukuza Mungu. Amemjaribu. Kwa mwanafunzi, kusoma kwa bidii ni sehemu ya utakatifu wake, kama vile kulima vizuri ni sehemu ya utakatifu wa mkulima.

Pili, tutazame kile walichokikataa. Walikikataa chakula cha mfalme, kwa sababu kingewatia unajisi mbele ya sheria ya Mungu wao. Angalieni namna walivyokikataa. Danieli aliazimia moyoni mwake mapema, wala hakungoja sahani ifike mbele yake na harufu ya nyama impande puani. Kisha hakufanya ghasia. Alimwomba msimamizi kwa adabu, akapendekeza wajaribiwe kwa siku kumi, wapewe mboga na maji tu, ndipo uamuzi ufanywe. Uthabiti wake ulikwenda pamoja na adabu na busara.

Ninyi vijana mnaonisikiliza, meza ya mfalme ipo hata leo. Yupo atakayekuuzia kazi ya utafiti iliyokwisha kuandikwa, ubadilishe jina tu. Zipo siku ambazo fedha ya mkopo imeingia, fedha mnayoiita bumu, na rafiki wapya huongezeka ghafla. Juma la pili fedha imekwisha, rafiki wametoweka, na miezi ya kula mara moja kwa siku inaanza. Yupo mtu mzima mwenye gari na simu mbili ambaye atakuambia wewe binti kwamba hustahili kuteseka kwenye daladala. Yapo makampuni ya kuweka dau la mpira yanayokuambia kwamba ada yako yote inaweza kupatikana jioni moja. Basi, amua leo, kabla sahani haijafika. Anayengoja kuamua wakati ana njaa, njaa humwamulia.

Na lipo jambo moja ambalo yanipasa kulitaja kwa jina lake, ijapokuwa ni Jumapili na watoto wanasikiliza. Popote ambapo mtu mwenye kalamu ya kutoa alama anamwambia mwanafunzi kwamba alama hizo zina bei ya mwili, hapo kuna dhambi kubwa ya mtu huyo, na si ya binti anayeambiwa. Sheria ya nchi yetu ya kuzuia na kupambana na rushwa, ya mwaka 2007, inakihesabu kitendo hicho kuwa kosa la jinai. Binti yangu, ukiambiwa neno hilo, usiamini kwamba ni wewe uliyekosea kwa mavazi yako au kwa udhaifu wako katika somo. Usikae nalo peke yako. Mwambie padre mlezi, mwambie sista, mwambie mwalimu mwaminifu, nao wako wengi, nenda TAKUKURU. Na ninyi wazazi, binti akiwaletea habari hiyo, swali lenu la kwanza lisiwe, "Ulikwenda kufanya nini ofisini kwake?" Swali hilo limekwisha kufunga midomo mingi.

Tatu, ndugu zangu, tukumbuke kwamba walikuwa wanne. Danieli hakuwa peke yake. Mfalme alipotishia kuwaua wenye hekima wote kwa sababu ya ndoto yake, Danieli alikwenda nyumbani kwake, akawaarifu wenzake watatu na kuwaomba wasali pamoja naye. Chumba kile cha vijana wanne wageni kilikuwa, kama tungesema leo, jumuiya ndogondogo ya Kikristo kabla ya Kristo.

Wanaoufahamu Mlima wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wanajua jinsi chumba kilivyo shida. Chuo hicho kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiofika 20, wote wa sheria. Kilihamia Mlimani mwaka 1964, na mwaka 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha taifa. Idadi ya wanafunzi imeongezeka kuliko vitanda, ingawa mabweni mapya yaliyofunguliwa mwaka 2017 yaliongeza nafasi 3,840. Ndiyo maana wanafunzi walianzisha desturi waliyoiita "kubebana": mwenye kitanda anamkaribisha asiye na kitanda, wanalala wawili mahali pa mmoja. Sizungumzii hapa kanuni za mabweni, ambazo kila chuo kinazo kwa sababu zake. Nalitafakari neno lenyewe. Mtume Paulo aliwaagiza Wagalatia wabebeane mizigo, akasema kwamba kwa njia hiyo wataitimiza sheria ya Kristo. Vijana wale, pengine bila kujua, walilitafsiri agizo la Mtume kwa Kiswahili cha bwenini.

Historia ya Kanisa inatuonyesha matunda ya kubebana kwa namna hiyo. Mwaka 1529, katika Chuo cha Sainte-Barbe mjini Paris, vijana wawili waliokuwa wakiishi chumba kimoja waliletewa mtu wa tatu. Vijana hao walikuwa Petro Faber, mtoto wa wafugaji wa Savoy, na Fransisko Ksaveri, mtoto wa mabwana wa Navarra. Mgeni wao alikuwa Inyasi wa Loyola, mtu mzima aliyekaribia miaka 40, mwenye mguu ulioumizwa vitani, maskini aliyeishi kwa sadaka za watu. Faber alimsaidia Inyasi katika masomo. Inyasi alimsaidia Faber katika maisha ya roho. Ksaveri, aliyekuwa na tamaa ya cheo, alichukua muda mrefu zaidi. Tarehe 15 Agosti 1534, wakiwa saba, waliweka nadhiri juu ya kilima cha Montmartre. Kutoka chumba hicho cha wanafunzi ilitoka Shirika la Yesu. Na mwaka 1542 Ksaveri huyo, akiwa njiani kwenda India, alitia nanga Malindi katika pwani yetu. Wote watatu leo ni watakatifu. Kijana, unapolalamika kwamba umepangiwa chumba na mtu usiyemjua, kumbuka kwamba hata Ksaveri alipangiwa.

Mjini Paris hapo hapo, miaka 300 baadaye, alifika kijana mwingine aliyeitwa Frederic Ozanam, kusoma sheria. Alikuwa na imani, lakini chuoni alikutana na wenzake waliomwambia kwamba Kanisa lilitenda mema zamani. Je, leo linatenda nini? Ozanam angeweza kujibu kwa hotuba. Badala yake, Aprili 1833, akiwa na umri wa miaka 20, yeye na wenzake wachache walianza kuwatembelea maskini wa mtaa ule, wakiongozwa na Sista Rosalia Rendu aliyezifahamu nyumba zao. Ndio mwanzo wa Chama cha Mtakatifu Vinsenti wa Paulo, ambacho baadhi yenu mnakifahamu katika parokia zenu. Alitangazwa mwenye heri mjini Paris mwaka 1997. Mwanafunzi anayeogopa kupoteza imani yake mjini afanye kama Ozanam: amtafute maskini mmoja, amtembelee. Maswali mengi yasiyopata jibu darasani hupata jibu katika chumba cha mgonjwa.

Kwa hiyo, kijana, ukifika chuoni, katika juma la kwanza watafute wenzako watatu. Tafuta mahali misa inaposomwa. Ulizia umoja wa wanafunzi Wakatoliki, TMCS, kama ulivyokuwa katika TYCS shuleni. Usingoje mpaka upatwe na shida, kwani mwenye shida huona haya kujitambulisha.

Nne, nataka kunena juu ya jambo ambalo halizungumzwi katika sherehe za kuaga vijana. Wako watakaoshindwa. Wanafunzi wenyewe wana neno lao. Husema fulani "amedisko", yaani ameondolewa masomoni kwa sababu ya matokeo. Kijana huyo alichangiwa na ukoo mzima. Baba aliuza ng'ombe, mama alikopa katika kikundi, jina lake lilitangazwa kanisani. Sasa anatazama simu inayoita, anaona jina la mama, na hapokei. Wako waliokaa mjini mwaka mzima wakiwaambia nyumbani kwamba masomo yanaendelea. Na wako, Mungu awarehemu, waliofikiri kwamba ni afadhali kufa kuliko kurudi kijijini mikono mitupu.

Injili ya leo yasema kwamba jua litatiwa giza na nyota zitaanguka. Kristo anazungumza juu ya mwisho wa nyakati. Lakini kwa kijana huyo, jua lake limekwisha kuzimika. Je, Bwana anatuambia nini baada ya maneno ya giza? Anatuonyesha mti wa mtini. Tawi lake linapolainika na kuchipua majani, twajua kwamba majira mema yako karibu. Anatuambia kwamba mbingu na dunia vitapita, lakini maneno yake hayatapita. Basi, matokeo ya mtihani yamo katika yale yanayopita. Ubatizo wako haumo. Hakuna halmashauri ya chuo inayoweza kukuondoa katika orodha ya watoto wa Mungu. Na Waraka kwa Waebrania umetuambia leo kwamba sadaka ya Kristo ilitolewa mara moja, nayo inatosha. Palipo na ondoleo haihitajiki sadaka nyingine. Kwa hiyo, usijitoe wewe mwenyewe kuwa sadaka ya kulipia aibu ya ukoo. Deni hilo hudaiwi. Pokea simu. Sema kweli. Rudi nyumbani.

Lakini ataweza kurudi endapo mlango uko wazi, na hapa nawageukia ninyi wazazi. Msingoje siku ya matokeo ndipo mseme. Mpigieni kijana wenu leo, baada ya misa, na mwambieni kwa maneno rahisi: "Mwanangu, soma kwa bidii. Lakini hata ukishindwa, hapa ni kwenu." Maneno hayo hayamlegezi kijana, yanampa nguvu. Anayejua kwamba akianguka atapokewa hupanda mlima bila kutetemeka. Tena, wazazi, msimgeuze mwanafunzi kuwa benki ya ukoo. Wako wanaomwomba mtoto awatumie sehemu ya fedha ya mkopo wake kwa ajili ya mbolea na karo za wadogo zake. Fedha ile ni chakula chake, na ni deni. Atakapoajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi mpaka liishe.

Tano na mwisho, turudi katika ahadi ya nabii. Ni akina nani watakaong'aa kama nyota? Danieli hasemi ni wale waliopata shahada. Anasema ni wale walioelekeza wengi katika haki. Chuo chetu cha Mlimani kina kaulimbiu ya maneno matatu: Hekima ni Uhuru. Ni maneno mazuri. Lakini uhuru huo ni wa nani? Mtumishi wa Mungu Mwalimu Julius Nyerere, aliyesoma Makerere na baadaye Edinburgh, alikotunukiwa shahada mwaka 1952, alilijibu swali hilo kwa mfano. Alimlinganisha msomi wa nchi maskini na mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wenzake chakula. Mtu huyo akila, akashiba, asirudi, amekuwa msaliti. Oktoba 1966 wanafunzi wa chuo hicho waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu, kwa uchungu, aliwafukuza karibu 400, na papo hapo akaupunguza mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Watu wanaweza kubishana juu ya adhabu ile. Lakini ile asilimia 20 inatufundisha kwamba anayedai sadaka kwa vijana lazima aanze na yeye mwenyewe. Nasi tunaowahubiria vijana tusiwe watu wa kula divai ya mfalme na kuwaagiza wao mboga na maji.

Naziomba parokia mambo matatu yaliyo rahisi. Katekista aandike majina ya vijana wote wa parokia walioko vyuoni, na mji waliko, na majina hayo yatajwe katika sala za waamini walau mara moja kwa mwezi. Kila kijana apewe barua ya utambulisho kwa padre mlezi wa wanafunzi huko aendako. Na kila jumuiya ndogondogo iteue mtu mmoja, ambaye si mzazi wake, wa kumpigia simu na kumwuliza hali tu, bila kumwuliza matokeo. Maaskofu wetu wa Afrika Mashariki walizifanya jumuiya hizi kuwa kipaumbele cha kichungaji mwaka 1976, ili Mkristo asiwe mtu asiyejulikana. Jumuiya isimwache mtu wake kwa sababu tu amepanda basi.

Tuombe. Ee Mungu, uliyewatunza Danieli na wenzake katika mji wa ugeni, watunze vijana wetu walio mbali. Uwape akili ya kusoma, moyo wa kukataa, na rafiki wa kusali nao. Walioshindwa uwarudishe nyumbani wakiwa hai, nasi utupe mikono ya kuwapokea. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.